Mti wa hoja na mikarafuu 40

Ugomvi wa mirathi huwa na maneno mengi yanayosemwa kwa pamoja. Mmoja anadai haki yake, mwingine anataja taabu ya kuuguza, wa tatu anafukua ya zamani. Mwisho hakuna anayejua wanagombania nini hasa.

Familia moja karibu na Wete ilifika hapo baada ya mzee wao kufariki. Aliacha mjane, mtoto mmoja wa kiume, mabinti wawili na mikarafuu 40. Binti mdogo, aliyemuuguza baba, alisema mikarafuu minane alishapewa na marehemu mwenyewe. Kaka yake akasema hiyo ni hila. Tangu siku hiyo wakawa wanapishana bila salamu, mama yao yuko katikati.

Binti mkubwa anasoma hisabati chuoni, Unguja. Katika somo la mantiki, hoja huandikwa kwa umbo la mti, mtindo wa Mjerumani Gerhard Gentzen wa miaka ya 1930. Yanayokubaliwa hukaa juu, kama majani. Chini yake hupigwa mstari, na chini ya mstari huandikwa linalotokana nayo, hatua kwa hatua hadi shinani penye hitimisho.

Kuupanga mti huo kwenye kompyuta kwa kusogeza maneno na mistari ni adha. Wanafunzi hutumia LaTeX, mfumo wa Leslie Lamport uliojengwa juu ya TeX ya Donald Knuth. Humo mtu hachori, huandika amri tu: hili ni jani, hili limetokana na moja, hili limetokana na mawili. Nyongeza iitwayo bussproofs hupanga mistari yenyewe. Ukisema hitimisho limetokana na mambo mawili, nawe umeandika moja, hukataa na kukuonesha kosa.

Alipokuja likizo, aliuandika hivyo mgogoro wa kwao. Madeni yalikuwa yamelipwa. Mjane mwenye watoto hupata thumni, na wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Katika mti wa kwanza aliweka jani la hiba: mikarafuu minane ikatoka, ikabaki 32. Mama 4, kaka 14, kila binti 7. Katika mti wa pili jani hilo halikuwepo: mama 5, kaka 17 na nusu, kila binti 8 na robo tatu.

Akachapisha karatasi mbili, akampa kaka yake mbele ya mama. Kaka alipitisha kidole mstari kwa mstari. Thumni ya mama hakuipinga, wala mafungu ya dada zake. Kidole kilisimama kwenye jani moja: baba alitoa akiwa mzima. Zawadi inayotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia, na wasia kwa mrithi hausimami bila ridhaa ya warithi wenzake.

"Kumbe hatugombanii mikarafuu, wanangu," mama alisema. "Tunagombania siku."

Na siku hutafutika. Kadi ya hospitali inaonesha mzee alianza kuugua lini. Majirani wawili walikuwepo shambani alipomkabidhi binti yake miti hiyo, msimu wa kuchuma.

"Basi waitwe," kaka alisema, "na kadhi awasikilize." Bado hakumwamini mdogo wake, lakini usiku ule aliitikia salamu yake.

Kompyuta haijui marehemu alisema nini. Jani la uongo hulipanga vizuri sawa na la kweli. Faida ya mti ni kwamba kila mmoja huona ni wapi hasa anapokataa, na yaliyobaki huachwa yapumzike.

Mzazi anayetaka kumpa mwanawe kitu na ampe angali na afya, amkabidhi mbele ya mashahidi, na aandike tarehe. Mstari mmoja wa kalamu unaweza kuwaepusha ndugu na miaka ya kununiana.