Mvuvi na Mwenye Dhambi



Wengi wenu mmezoea kuniona na chaki mkononi. Leo nawaandikia juu ya kosa nililolitenda mbele ya kompyuta. Lilikuwa kosa la alama moja ndogo inayokaa juu ya herufi, nalo lilimliza msichana asiyekuwa na hatia yoyote.

Kundi la vijana la parokia yetu lilikuwa likirekodi kwa simu ushuhuda wa wazee wa Kolwezi. Mzee mmoja, ambaye sitamtaja jina, alitusimulia jinsi mto Lualaba ulivyokuwa kabla ya bwawa la Nzilo kuuzuia katika miaka ya 1950. Alikuwa mtoto wakati huo. Alijua majina ya samaki ambayo sisi hatukuyajua, akaonyesha kwa mikono yake mirefu jinsi baba yake alivyokuwa akitupa wavu. Miezi michache baadaye alifariki.

Mzee huyo aliacha mjukuu asiyesikia tangu kuzaliwa. Msichana huyu alijifunza kusoma shuleni kwa Kifaransa. Nyumbani, yeye na babu yake walielewana kwa ishara za mikono walizozibuni wenyewe, na ishara hizo zilitosha kwa chakula, kwa maji, kwa mzaha, lakini hazikutosha kwa habari za maisha ya mtu. Mzee hakujua kuandika. Kwa hiyo filamu ile, yenye maandishi ya Kifaransa chini ya picha, ingekuwa mara ya kwanza kwa msichana kupata maneno ya babu yake kamili. Niliomba mwenyewe kazi ya kutafsiri na kuandika.

Niliyaandika maandishi kwenye kompyuta ya zamani, katika muundo uitwao SubRip, ambao faili lake huishia na .srt. Ni muundo mwepesi: namba ya sentensi, saa ya kuanza na kuisha, kisha maneno yenyewe. Vijana walitaka filamu itazamwe kwa simu kupitia ukurasa wa intaneti, na huko hutumika muundo mwingine, WebVTT. Tofauti zake huonekana kuwa ndogo. Mstari wa kwanza lazima uwe na neno WEBVTT, na mahali ambapo SubRip huweka mkato kati ya sekunde na sehemu zake, WebVTT huweka nukta. Nikatafuta programu ya kugeuza, nikabonyeza, nikahifadhi, na faili la kwanza nikalifuta ili nisichanganye mambo. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza.

Nilipofungua faili jipya, kila herufi ya Kifaransa yenye alama ilikuwa imetoweka, na mahali pake pamekaa umbo jeusi la pembe nne lenye alama ya kuuliza ndani yake.

Sababu yake ni hii. Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba. Kompyuta yangu ya zamani ilitumia orodha iitwayo Windows-1252, ambamo é ni 233 na ê ni 234. WebVTT haikubali ila UTF-8, mfumo uliobuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, wenye nafasi kwa maandishi ya mataifa yote. Humo é huandikwa kwa namba mbili, 195 na 169, na ê kwa 195 na 170. Programu haikuniuliza faili langu lilitoka katika orodha ipi. Ilidhani ni UTF-8, ikakuta 233 imesimama peke yake, jambo lisilo na maana katika mfumo huo, ikaweka umbo jeusi. Ilipokuta 234 ikaweka umbo lile lile.

Mmekwisha kuona kosa la upande wa pili, pale neno Noël linapogeuka kuwa NoÃ«l. Lile hutokea faili la UTF-8 linaposomwa kwa orodha ya zamani, nalo linatisha macho. Hata hivyo ni kosa jepesi, kwa sababu namba zote bado zipo, na ukilisoma faili kwa mfumo wake wa haki herufi hurudi zote. Umbo jeusi lina sura nadhifu zaidi, lakini likishahifadhiwa, é na ê zimekuwa kitu kimoja, na hakuna programu inayoweza kuzitenganisha tena.

Mimi sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba katika Kifaransa é ni nyingi kuliko zenzake, basi nikaagiza kompyuta igeuze kila umbo jeusi kuwa é, kisha nikapitia kwa macho na kusahihisha yaliyoonekana mabaya. Neno moja halikuonekana baya. Mzee alikuwa amesema kwamba yeye ni mvuvi, na baba yake alikuwa mvuvi. Kwa Kifaransa mvuvi ni pêcheur, na pécheur ni mwenye dhambi. Jicho la katekista limelizoea mno neno hili la pili hata halikushtuka.

Filamu ilionyeshwa baada ya matanga. Msichana alisoma kwamba babu yake alikuwa mwenye dhambi tangu utoto, na baba wa babu pia, na kwamba walitoka pamoja kila alfajiri kwenda kutenda dhambi. Picha ya wavu ilikuwapo, lakini alidhani ni mfano, kama tunavyosema mifano mingi kanisani. Siku mbili alilia. Siku ya tatu mama yake alimleta kwangu, naye akaandika swali kwenye karatasi: babu alifanya nini?

Nilichukua kalamu, nikaandika maneno yale mawili, moja chini ya jingine, nikachora samaki kando ya lile la kwanza. Aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Sikuwa na maneno mengine isipokuwa kuomba msamaha, na hilo nililiandika pia.

Kwa bahati kijana mmoja alikuwa na nakala ya faili la kwanza kwenye flashi yake. Safari hii niliiambia programu kwamba faili linatoka Windows-1252, na kila herufi ikakaa mahali pake. Sasa sifuti faili la asili.

Kabla ya kugeuza lolote, naweka juu yake mstari wa majaribio: pêcheur, pécheur, cœur, neno la Kilingala mɔkɔ ambalo ɔ yake haimo kabisa katika Windows-1252, na ng’ombe yenye ritifaa iliyopinda ya simu zenu, ambayo ikisomwa vibaya hutoa â€™. Mstari ukitoka mzima nauondoa, kisha faili lote linapelekwa kwa msichana yule alisome.

Ameanza kujifunza kusoma Kiswahili pia. Wiki iliyopita alinirudishia karatasi za ushuhuda mwingine, na neno moja amelizungushia penseli: nilikuwa nimeandika ngombe. Nilimweleza kwamba hapa kwetu wengi huandika hivyo. Akatikisa kichwa, akaichukua karatasi, akaitia ritifaa kwa mkono wake.