Njano ya Nini?

Sisi waandishi chipukizi tunakikumbuka kisu pale tu tunapotaka kuua mtu. Chukua hadithi kumi za vijana, zangu zikiwemo, utakuta visu visivyopungua vitano, vyote vinang'aa gizani, vyote vimeshikwa na mume mwenye wivu. Hakuna hata kimoja kinachomenya muhogo. Basi leo, ndugu msomaji, nakuletea kisu cha jikoni, na wala sioni haya.

Kwetu Ngumbo, mwambao wa Ziwa Nyasa, zamani tukiwa chini ya Mbinga na sasa chini ya wilaya ya Nyasa, kisu hakina nafasi ya kung'aa gizani. Kina kazi. Usipa hawakihitaji, hao wanaanikwa wazima wazima. Lakini akija mbasa, kisu ndipo kinapojulikana. Mbasa anapasuliwa na kufunguliwa kama daftari, mfupa unabaki upande mmoja, na mwenye kisu butu anaonekana papo hapo maana nyama inachanika chanika kama nguo kuukuu. Akishamalizana na samaki, mama yuleyule anageukia muhogo. Anamenya rundo zima kabla ya kuuloweka. Kisu cha dukani, kile chembamba chenye mpini wa plastiki, kikifika wiki ya tatu shingo imeshalegea. Wanakiita cha wageni: unampa mgeni akatie chungwa.

Shangazi yangu alikuwa mpishi kwa familia ya Waitaliano Dar es Salaam. Walipofunga virago kurudi kwao walimwachia kisu kimoja cha jikoni, na kwenye ubapa wake limegongwa neno Scarperia. Nilidhani ni jina la mwenye kiwanda. Kumbe ni mji, kaskazini ya Florence, mji mdogo ulioanzishwa mwaka 1306 na ukaishi kwa visu. Mafundi wake walikuwa na chama, na mwaka 1538 wakaandika kanuni zao. Kaskazini zaidi kuna Maniago, ambako mwaka 1453 lilichimbwa mfereji, na maji yake yakaja kuzungusha nyundo za wahunzi. Hebu fikiria: mhunzi wa kijijini ana kanuni iliyoandikwa, ana chama, na kisu chake kinatembea duniani kikitaja kwao. Nilipojua hayo niliona wivu, nikiri tu.

Kisu hicho shangazi amekifunga kwenye kitambaa, kimo sandukuni pamoja na cheti cha ndoa. Samaki anakata kwa kisu cha babu.

Huyo babu si babu yangu wa kunizaa. Ni mhunzi, banda lake liko nyuma ya miembe, na karibu kila nyumba niliyoingia hapa ina kitu alichokifua yeye. Mitaani wanamwita Fundi, basi, kama vile hapa duniani hakuna fundi mwingine.

Chuma chake ni springi za malori. Zamani barabara ya kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay ilikuwa mawe na makorongo, lori la kahawa likipita linaacha springi kama kuku anavyoacha manyoya. Siku hizi zile kilomita 66 zina lami. Kila mtu anashangilia, isipokuwa babu. "Wametengeneza barabara, wameniharibia shamba," ananiambia, na sijui hadi leo kama anatania. Springi ni chuma kizuri kwa kisu kwa sababu kina kaboni ya kutosha, hivyo kinakubali kugeuzwa kigumu kwa moto. Nondo ya ujenzi ya kawaida haikubali vizuri. Utaifua mpaka jasho likauke na itabaki laini.

Wala tusidhani chuma kilitufikia kwa lori. Ukivuka mto Ruhuhu kwenda kaskazini unaingia Ludewa, nchi ya Wapangwa, watu waliokuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe. Mbele yao, kwenye milima ya Livingstone, Wakinga walifua majembe na kuyateremsha kwa Wanyakyusa kubadilishana na chakula. Wafipa walijenga tanuu za udongo ndefu kuliko mtu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Na kule Kagera wataalamu wamekuta tanuu za miaka ipatayo 2000 iliyopita. Habari zake zilichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Marekani liitwalo Science. Halafu yakaja majembe ya kiwandani kutoka Ulaya, ya bei nafuu, na tanuu moja baada ya nyingine zikapoa. Wahunzi wakaacha kuyeyusha mawe, wakaanza kufua chakavu. Hukohuko Ludewa kuna Liganga, mlima wa madini ya chuma. Mkataba wa kuyachimba ulisainiwa mwaka 2011, na miaka kumi ikapita bila kutoka hata jembe moja. Babu habari hizo hazisikilizi tena. Anangoja lori livunjike.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kukata springi na kuifua iwe bapa ni nguvu na subira, anayetaka aje aone. Mkaa, mivukuto, koleo, nyundo, fuawe ambalo ni kipande cha reli. Umbo likishapatikana, kisu kinatiwa motoni mpaka kiwe chekundu, kisha kinazamishwa kwenye mafuta machafu ya injini. Si maji. Maji yanakipoza haraka mno, na springi inaweza kupasuka. Hapo kimekuwa kigumu, lakini kigumu cha kijinga, kama kioo: kikianguka sakafuni kinakatika. Ndipo inapokuja kazi ambayo babu anaiita kukifundisha adabu. Kinasuguliwa kwa jiwe mpaka chuma kionekane cheupe, kisha kinarudishwa juu ya mkaa taratibu, mgongo ukiangalia moto. Rangi zinaanza kutembea. Kwanza njano hafifu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu buluu. Zinatoka mgongoni zikishuka kuelekea kwenye makali. Buluu ikifika kwenye makali umechelewa, utakuwa na kisu laini. Kwa kisu cha jikoni makali yanatakiwa yakomee kwenye njano, kiasi cha nyuzi 230, na mgongo uwe umeshapita mbele. Kati ya rangi moja na nyingine kuna muda wa kupepesa macho tu.

Na macho ya babu yameingia ukungu.

Moto wa kufulia bado anauona, wekundu ule mkubwa. Njano haioni. Mjukuu wake aliyekuwa akimsaidia yuko Songea anaendesha bodaboda, na simlaumu, bodaboda inalipa jioni ileile. Kwa hiyo msimu huu mimi, kidato cha nne mwenye ndoto ya riwaya, ndiye ninayechuchumaa mbele ya mkaa na kumwambia babu rangi.

Siku ya kwanza nilisema, "Babu, imekuwa njano."

"Njano ya nini?"

Nikanyamaza.

"Nakuuliza, njano ya nini? Ya ndizi? Ya yai? Ya nyasi za mwezi wa nane?"

Nikatazama tena. Ilikuwa imeshakuwa kahawia. Akakichovya majini kimyakimya, akakirudisha kwenye moto mkubwa, tukaanza upya.

Sasa tuna msamiati wetu. Nyasi za mwezi wa nane ni mapema, ngoja. Asali mbichi, toa. Asali ya zamani, kwa panga sawa, kwa kisu hapana. Kiwi cha zambarau kama shingo ya njiwa, umeharibu. Nimesoma vitabu vingi, na nimeandika "jua la manjano" mara zisizohesabika, hakuna aliyewahi kuniuliza njano ya nini.

Mambo mawili hatujakubaliana. La kwanza ni jina. Nilimwambia habari za Scarperia, nikamwuliza kwa nini yeye haweki alama. Akacheka mpaka akakohoa. "Niweke alama ili kikikatika wajue mlango wa kuja kugonga?" Kisha akasema wanawake wa hapa hawahitaji alama, wanakijua kisu chake gizani kwa kushika shingo. Ni kweli, shangazi nilimjaribu akiwa amefumba macho, hakukosea. Lakini naona babu amesahau hesabu moja. Shangazi ana miaka 60 na kitu. Mikono inayojua ile shingo inapungua kila mwaka, na binti wa leo atakishika kisu hichohicho akidhani kimetoka dukani. Hapo mimi niko na Waitaliano.

La pili ni nani atakayefuata. Yeye anasema mimi. Mimi nasema nina riwaya. Anasema riwaya haina makali. Mazungumzo yanaishia hapo, mpaka kesho yake.

Juzi tumemaliza kisu cha kwanza ambacho rangi yake yote niliitaja mimi. Makali yalisimama kwenye asali mbichi. Babu alikipitisha kwenye ukucha wa dole gumba, akasikiliza, akanipa. Mpini wa mninga nimechonga mwenyewe na umepinda kidogo. Nikachukua ncha ya tupa la zamani, nikakwangua kwenye ubapa neno Ngumbo, herufi kubwa.

"Umeandika nini?"

Nikamwambia. Akapapasa kwa kidole, herufi moja moja.

"Hiyo ya kwanza umeichimba sana," akasema. "Itashika kutu. Nenda ukaipake mafuta."