Ujira wa Kalamu

Mimi ni karani wa serikali. Kutwa naandika barua ambazo mtu mwingine atazitia sahihi, wala humo hamna neno lililo langu. Lakini usiku huwasha taa na kuandika yaliyo moyoni mwangu.

Marehemu Shaaban Robert naye alikuwa karani. Aliingia idara ya forodha ya Tanganyika mwaka 1926, na alipofariki mwaka 1962 alikuwa ametuachia hazina ya vitabu. Nikimkumbuka, siionei haya meza yangu.

Uandishi haukunitajirisha. Makala zangu nyingi zilikataliwa, na mara mbili niliapa kuiacha kalamu. Ila mwaka jana nilitoa habari fupi juu ya marehemu mama yangu, jinsi alivyokuwa akiimba akisaga mahindi. Jirani yangu, mzee asiyejua kusoma, alisomewa na mjukuu wake. Alinijia jioni na kichane cha ndizi, akaketi kimya kitambo, kisha akasema, “Mwanangu, umemwandika na marehemu mke wangu.”

Ndugu wasomaji, siku hiyo nililipwa.