Uwanja Uliokuwa na Tundu Paani

Plano

Ijumaa jioni magari ya Plano, mji wa Texas, Marekani, hujipanga kuelekea uwanja wa shule, na mpira unaozungumzwa si ule wa Simba na Yanga. Ni huu wao wa kukumbatia mpira kifuani na kuangushana. Shule za juu za hapa zina madarasa mawili tu, la kumi na moja na la kumi na mbili, lakini vijana wao wanacheza mbele ya umati ambao timu kadhaa za Ligi Kuu yetu zingeuombea dua. Majirani wa Allen, kaskazini kidogo, walijenga uwanja wa shule wa dola milioni 60, viti 18,000, wakaufungua 2012. Mwaka 2014 ukafungwa kwa nyufa za zege, ukarabati ukafanyika, ukafunguliwa tena 2015. Azam Complex pale Chamazi, uwanja wa klabu iliyowahi kuchukua ubingwa wa Tanzania Bara, unaingiza watu 10,000.

Mwenyeji wangu ni shemeji, Mkenya wa Kakamega ambaye amekaa huku hadi Kiswahili chake kimeanza kuchechemea. Nilipomwambia nimezoea viwanja, kwamba nimekulia Temeke na geti la Uwanja wa Taifa nalijua, akacheka. "Sasa shemeji, mimi nitakupeleka uone uwanja ambao haupo."

Irving

Ukitumia treni, unapanda Parker Road, Plano, unabadilisha kwenda laini ya rangi ya chungwa, unashuka stesheni ya University of Dallas. Ukisimama pale unaona barabara juu ya barabara. Ng'ambo yake, katikati ya makutano ya barabara kuu za Irving, ndipo uliposimama Texas Stadium tangu 1971 hadi asubuhi ya 11 Aprili 2010, ulipoangushwa kwa baruti.

Uwanja huu ulikuwa wa Dallas Cowboys, timu ya mpira uleule wa kukumbatia. Paa lilifunika mashabiki na kuwaacha wachezaji, yaani katikati palikuwa na tundu kubwa la pembe nne. Mvua ikinyesha, mwenye tiketi alikaa pakavu na mchezaji akalowa. Jua likitoka, nusu ya kiwanja ilikuwa kivuli na nusu mwanga mkali, na mpokeaji aliyekimbia kutoka upande mmoja kwenda wa pili alikuwa anautafuta mpira kwa kubahatisha. Mashabiki walisema tundu limeachwa ili Mungu aitazame timu yake, nao hawakuwa wanatania sana: shughuli iliyoufungua uwanja, kabla ya mechi yoyote, ilikuwa mkutano wa injili wa Billy Graham. Mechi ya kwanza ilifuata tarehe 24 Oktoba 1971, Cowboys wakawafunga New England Patriots 44 kwa 21.

Mwenye timu wakati huo alikuwa Clint Murchison Mdogo, mtoto wa tajiri wa mafuta. Kabla ya hapo Cowboys walikuwa wapangaji katika Cotton Bowl, uwanja wa zamani ndani ya jiji la Dallas, katika mtaa ambao wakazi wake wengi walikuwa Weusi na wenye kipato cha chini. Murchison alihamia Irving, na ujenzi akaugharimia kwa njia iliyowashangaza wengi: ukitaka tiketi ya msimu, kwanza ununue hati ya mkopo ya uwanja. Wenye fedha zaidi waliuziwa vyumba vyao binafsi vya kutazamia, wakavipamba kama sebule. Aliyezoea kulipa mlangoni siku ya mechi alibaki Dallas na redio yake.

Kwetu Taifa kila mtu anajua ngazi zake: VIP A, VIP B, C, viti vya chungwa, halafu mzunguko. Lakini hata mtu wa mzunguko hakopeshi uwanja kwanza ndipo auziwe tiketi. Mimi Murchison namwona ndiye aliyeandika hukumu ya uwanja wake siku ileile aliyoufungua, maana uwanja uliojengwa kwa hesabu ya vyumba vya matajiri hufa siku jirani akijenga wenye vyumba vingi zaidi. Jerry Jones alipoinunua timu mwaka 1989, akamfukuza kocha Tom Landry aliyekaa miaka 29, aliongeza vyumba hivyo mpaka nafasi ikaisha. Cowboys walitwaa mataji matano wakiwa na makao hapa, na hapa ndipo Emmitt Smith alipovunja rekodi ya ligi ya yadi za kukimbia na mpira, Oktoba 2002. Mechi ya mwisho, 20 Desemba 2008, wakafungwa na Baltimore Ravens 33 kwa 24.

Siku ya kuuangusha, kampuni ya makaroni na jibini ilidhamini shughuli. Mtoto wa miaka 11 aliyeshinda shindano la insha ndiye aliyepewa kitufe abonyeze. Paa likashuka, vumbi likapanda, nguzo chache zikakataa kuanguka. Baadaye idara ya barabara ya jimbo ilipanga kiwanja kiwe mahali pa kuweka mitambo wakati makutano yale yanajengwa upya.

Watu wa Plano, lakini, Texas Stadium wanaukumbuka kwa kitu kingine. Tarehe 26 Novemba 1994 shule ya Plano East ilicheza hapa na John Tyler, shule ya mji wa Tyler, katika mtoano. Zikiwa zimebaki dakika kama tatu Plano East walikuwa nyuma, 41 kwa 17. Wakafunga. Badala ya kupiga mpira mbali kama kawaida, wakapiga mkwaju mfupi wa kuviziana, wakaunasa wenyewe, wakafunga tena. Wakarudia. Wakarudia mara ya tatu, kitu ambacho hata mara moja hukifanikishi kwa urahisi. Sekunde 24 kabla ya mwisho wakaongoza 44 kwa 41. Watangazaji wa Plano walikuwa wamekwisha kupoteza sauti kwa furaha. Safari hii mpira ukapigwa mbali, Roderick Dunn wa John Tyler akaudaka karibu na mstari wake na kukimbia nao yadi 97, asiguswe na mtu. 48 kwa 44. Shemeji hakuwapo, ila kanda ameiangalia mara nyingi hata kupumua kwa watangazaji amekukariri.

Fair Park, Dallas

Cotton Bowl, ule ambao Cowboys waliukimbia, bado upo. Ni mkongwe kuliko Texas Stadium kwa miaka kama 40, na kila Oktoba, wakati wa maonyesho ya jimbo, Chuo Kikuu cha Texas na cha Oklahoma wanaujaza. Kwetu Waafrika una jambo lake pia. Kwenye Kombe la Dunia la 1994, tarehe 21 Juni, Rashidi Yekini aliifungia Nigeria bao la kwanza kabisa la nchi hiyo katika Kombe la Dunia, akaingiza mikono katika wavu wa Bulgaria akilia. Wavu huo ulikuwa hapa. Nilimwambia shemeji sitaki kuondoka mpaka nione goli lilikuwa upande gani. Mlinzi alituangalia kama watu wanaotafuta kaburi.

Arlington

Cowboys walifungua uwanja wao mpya hapa 2009, kwa zaidi ya dola bilioni moja. Wapiga kura wa Arlington walikuwa wameridhia mwaka 2004 kuongeza kodi ya mauzo nusu senti kwa kila dola, na mji ukatoa dola milioni 325. Sanamu ya Landry ikahamishwa kutoka Irving. Treni haifiki. Kwa Kombe la Dunia la 2026 ulipangiwa mechi tisa, nyingi kuliko uwanja mwingine wowote.

Houston

Hapa nilijiona niko Temeke. Astrodome, uwanja wa kwanza duniani wa michezo mikubwa kufunikwa paa lote, ulifunguliwa 1965. Mpya umejengwa ubavuni pake, kama viwanja vya Uhuru na Mkapa, yaani Taifa, vilivyopakana pale kwetu. Majani ya asili yalikufa chini ya paneli angavu za paa zilizopakwa rangi, na ndiyo sababu nyasi bandia zikapata umaarufu. Mwaka 2005 ulipokea maelfu waliokimbia kimbunga Katrina. Mwaka 2013 wapiga kura walikataa kutoa fedha za kuukarabati, na hakuna aliyethubutu kuuvunja. Umefungwa.

Shamba la Bibi, yaani Uhuru, ambako bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, halikufungwa Mkapa ulipokamilika 2007. Ligi iliendelea kuchezwa pale, Magufuli aliapishwa pale Novemba 2015, na Machi 2021 watu 45 walikufa katika msongamano walipokwenda kumuaga. Shemeji aliuliza kwa nini serikali haijauza kiwanja kile, mahali penyewe ni pazuri, barabara ya Mandela iko karibu. Nilimjibu kuwa Kampala walijaribu: Nakivubo, uwanja wa tangu 1926, ulivunjwa 2017, mfanyabiashara Hamis Kiggundu akaujenga upya ukizungukwa na maduka, na klabu zilizozoea kuchezea pale zikahangaika na viwanja vya kuazima kwa miaka. "Na walipofungua?" Walirudi, nikamwambia, ila sasa unapita dukani kwanza.