Mlango Wake Ninao

Baba alirudi nayo Wundanyi jioni ya Ijumaa moja mwaka 1978, amekaa wima nyuma ya usukani kama mtu aliyepakata trei ya mayai. Ilikuwa pikapu ya Datsun 1200, rangi ya samawati, ya mkono wa pili, aliyoinunua Mombasa kwa muuza dawa aliyekuwa akihama mji. Watoto tuliikimbilia. Wazee waliokaa kwenye baraza la duka hawakuinuka. Mmoja tu, mwenye Land Rover iliyokuwa na makunyanzi kumshinda yeye mwenyewe, ndiye aliyejikokota hadi pale, akagonga boneti kwa kidole, akasikiliza, akasema: "Hili ni kopo la maziwa. Masika yakija tutaliokota Mwatate."

Msimlaumu. Siku zile kitu kikiitwa cha Kijapani, maana yake kilikuwa rahisi na hakikai. Mtu mwenye jina lake alikuwa na Peugeot 404, mwalimu mkuu alikuwa na Volkswagen, na serikali ilipanda Land Rover. Baba hakuwa na jina la kulinda. Alikuwa mchuuzi wa mboga. Miaka yote alikuwa akishusha kabichi, nyanya na karoti za Taita hadi Mombasa kwa basi, akilipia kila gunia, na zikioza njiani hasara ni yake. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu mwaka 1973, na alichokitafuta yeye ni gari ambalo tangi lake halitakula faida ya kabichi. Injini ya Datsun ile ilikuwa ya sisi 1,171. Lori linalopumua kwa pua moja, alisema mwenyewe, na alisema kwa kuisifu.

Kiwanda kiliandika kwamba pikapu hiyo hubeba kilo 500. Baba aliisoma namba hiyo kama anavyoisikia mtu bei ya kwanza ya mwenye duka: mahali pa kuanzia mazungumzo. Nimeiona ikiteremka kona za Mwatate huku pua imeelekea mbinguni na matairi ya nyuma yamepotelea chini ya bodi. Vyuma bapa vya springi, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama kurasa za kitabu, vilikuwa vimenyooka kabisa. Ikishapakuliwa Mombasa ilirejea ikirukaruka kila shimo, na wewe abiria ukiyahesabu mashimo hayo kwa uti wa mgongo.

Alfajiri za Wundanyi ni baridi ya kweli, si hii mnayoizungumza nyinyi wa pwani. Saa kumi baba alitoka na kandili, akavuta choki, akakanyaga mafuta mara mbili, si tatu, akazungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikakohoa tena, kisha ikashika mwendo mmoja kama cherehani. Mama, akiwa jikoni, alijua kwa kikohozi cha kwanza kama leo chai itanyweka kwa utulivu au baba atarudi ndani kutafuta spana.

Tukio ambalo sitalisahau ni la usiku kati ya Maungu na Mackinnon Road. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimeruhusiwa kwenda Mombasa kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Gari lilianza kujikwaa, likafa. Kulia na kushoto ni nyika tupu, na sote tulijua kwamba tembo wa Tsavo hawaheshimu barabara. Baba hakusema neno. Alifungua boneti, akanipa kurunzi, akasema nimulike mkono wake, nisimulike porini. Alikuwa na bisibisi mbili na kitambaa. Akaifungua kabureta palepale juu ya injini ya moto, akatoa kipande cha shaba chenye tundu, kisichozidi punje ya mchele, akakiweka mdomoni na kukipuliza. Akatema petroli. Akakiinua mbele ya kurunzi na kuchungulia: "Unaona mwanga?" Nikamwambia nauona. "Basi tutafika." Mafuta tuliyouziwa kwenye kituo fulani yalikuwa na uchafu, lakini hilo alilisema siku ya pili, akiwa ameshauza kabichi. Tangu siku hiyo kila nikisikia watu wakilisifu gari kwa ukubwa wa kioo chake cha ndani, mimi hujiuliza kama bisibisi mbili zinatosha kulifufua usiku.

Fundi wetu wa Voi, mzee aliyevaa kofia ya kiua na ovaroli moja mwaka mzima, alikuwa na msemo: Datsun haina siri. Pointi za distribyuta alizipima nafasi kwa kipande cha pakiti ya sigara. Injini ile ile iliwekwa pia kwenye Datsun 120Y za walimu na makarani, kwa hiyo spea hazikuwa za kusaka. Ugonjwa wake mmoja ulikuwa kutu. Hewa ya chumvi ya Mombasa na matope ya Taita yalikuwa yakikutana chini ya sakafu, na baada ya miaka michache niliweza kuiona lami ikipita kati ya miguu yangu.

Heshima ililetwa na mashindano ya magari ya Safari. Nyinyi vijana mnaoiona Naivasha siku hizi, na kamera zake, jueni kwamba wakati wetu ilikuwa ni ya Pasaka, wakati wa masika, na Milima ya Taita ilikuwa mojawapo ya mahali pa kuvunjia magari. Kijiji kizima kilisimama juu ya kingo za barabara. Ulisikia kwanza mlio ukipanda kutoka bondeni, kisha taa, kisha matope usoni, kisha basi. Aliyepita hakuwa mtu, alikuwa kishindo. Tulikwenda nyumbani kusikiliza Sauti ya Kenya watuambie tumeona nini.

Na kilichosemwa redioni miaka hiyo kilikuwa kimoja. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, Mhindi aliyekuwa amepoteza kwao Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, alishinda Safari mwaka 1979 akiwa na Datsun. Akashinda 1980. Akashinda 1981. Akashinda 1982. Kabla ya hapo alikuwa ameshinda 1973 kwa Datsun 240Z, akiwa amelingana pointi za adhabu na Harry Källström, naye wa Datsun, ikabidi ushindi atunukiwe yule aliyekwenda muda mrefu zaidi bila adhabu. Baba alijua vizuri kwamba ile Datsun Violet ya Mehta na kopo letu la maziwa havikuchangia hata skrubu moja ya maana. Hakuwaambia wateja. Mwaka ule wa tatu wa ushindi wa mfululizo yule mzee wa Land Rover alikuja mwenyewe, akaegemea bodi, akasema: "Hili kopo lako lina ndugu hodari." Mwaka uliofuata alimpa baba gunia mbili za viazi ampelekee Mombasa.

Nilipokuwa mtu mzima nikiishi Mombasa ndipo nilipoanza kuisoma habari ya jina lenyewe, na nikaona kwamba Wajapani nao walianza kwa kuchekwa. Waliingia Safari mara ya kwanza mwaka 1963, mwaka ambao kati ya magari 84 yalimaliza 7 tu. Hakuna Datsun katika hayo saba. Waliendelea kurudi Pasaka baada ya Pasaka, wakiangalia nini kimevunjika, hadi mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walipowapa ushindi wa kwanza kwa Datsun 1600 SSS. Miaka saba ya kuvunjikiwa. Mchuuzi anaielewa subira hiyo.

Jina ni la zamani kuliko nilivyodhani. Mwaka 1914 karakana moja ya Tokyo ya mhandisi Masujiro Hashimoto ilitengeneza gari ikaliita DAT, herufi za kwanza za wafadhili watatu: Den, Aoyama na Takeuchi. Kijapani kina neno datto, sungura anayechomoka mbio, na miaka ya thelathini magari hayo yalibandikwa sungura wa chuma puani. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Kwetu sisi nani asiyemjua sungura, mdogo kuliko wote porini na ndiye anayebaki hai mwishoni mwa hadithi?

Mwaka 1931 walitoa gari dogo zaidi, la injini ya sisi 500 hivi, ambalo sheria ya Japani ilimruhusu mtu aliendeshe bila leseni. Wakaliita Datson, mtoto wa DAT, wakilichukua "son" la Kiingereza. Kumbe sauti hiyo kwa Kijapani hutamkika sawa na neno la hasara. Nani atanunua gari linaloitwa hasara? Wakabadilisha herufi moja, o ikawa u, na mtoto akageuka jua: Datsun. Kampuni ya Nissan, iliyolichukua jina hilo katika miaka hiyo, ilikaa nalo nusu karne. Mwaka 1981, Mehta akiwa katikati ya ushindi wake, ikatangaza kwamba Datsun itaondolewa na kila gari litaitwa Nissan. Kufikia 1986 kazi ilikuwa imekwisha.

Sisi hatukuarifiwa. Pikapu mpya zilikuja zimeandikwa Nissan, watu wakaziita Datsun. Jina Nissan likatafutiwa kazi nyingine: likawa matatu ya abiria kumi na wanne. Mtu akikwambia "nimekuja na nisani", humuulizi amenunua lini. Kuna wakati baba alikuwa na Datsun nje na akasafiri kwa nisani kwenda kuinunulia betri, na hakuna aliyeona kwamba ni ukoo mmoja.

Miaka ya tisini milango ya bandari ilifunguka, magari yaliyotumika yakamiminika Mombasa kutoka Japani. Watu wakajifunza kutaja matoleo ya Nissan Sunny, B12 na B13, kama wanavyotaja madarasa ya shule. Mimi nilikuwa karani, nimeoa, na nilitaka Sunny B12. Baba alikuwa amechoka na safari za usiku. Mwaka 1998 nilimshawishi tuiuze pikapu, pesa zake ziwe nyongeza ya kununulia Sunny. Hakubishana. Mnunuzi alikuja kutoka Taveta, mtu wa kusomba maji, akaizunguka mara mbili, akaingia chini, akatoka na kutu kwenye nywele. Walipatana bila mimi. Baba aliishika ile pesa, akaihesabu, akanikabidhi, akasema tu, "Haya, mwanangu, hii ni ya safari yako." Sunny ile nilikaa nayo miaka minne. Sikumbuki hata sauti yake.

Pikapu zile hazikufa mara moja. Japani iliendelea kuzitengeneza hadi 1994, na Afrika Kusini, kwa jina la Nissan 1400, hadi 2008. Kisha nikasikia kwamba jina lenyewe linafufuliwa. Mwaka 2013 Nissan ilizindua Datsun Go pale New Delhi, gari la bei nafuu la India, Indonesia na Afrika Kusini. Mwaka uliofuata shirika la Global NCAP lililigongesha ukutani kulipima usalama, likapata nyota sifuri. Mimi nilikasirika kana kwamba ametukanwa jamaa. Nilimsimulia baba, akiwa ameshazeeka, anaona kwa jicho moja. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Linabeba kilo ngapi?" Nikamwambia si la mizigo. "Basi hiyo si Datsun," akasema, akageukia chai yake. Mwaka 2022 jina likazikwa tena. Yeye alikuwa ametutangulia mwaka mmoja kabla.

Kuna jambo moja sikulieleza. Tulipoiuza, pikapu ilikuwa na mlango wa nyuma wa mbao. Ule wa chuma, wenye herufi kubwa DATSUN zilizopigwa kwenye bati, bawaba zake zilikuwa zimeliwa na kutu, na baba aliutoa akaufanya mlango wa banda la kuku la mama. Umo humo hadi leo. Mwezi uliopita alikuja kijana kutoka Nairobi anayekusanya magari ya zamani, akataja bei ambayo baba angeipata kwa miezi mitatu ya kabichi. Mama alimuuliza kuku watalala wapi.

Kwa hiyo naliandika hapa, huenda likamfikia wa Taveta, Holili, Himo au Moshi. Kama kwenu kuna Datsun 1200 ya samawati, pengine imepakwa rangi nyingine, yenye mlango wa nyuma wa mbao za msaji uliofungwa kwa misumari ya paa na kigoe cha dirisha, naomba unijulishe kupitia gazeti hili. Sitauliza imetembea kilomita ngapi. Mlango wake ninao.