Nyumbu Mlangoni pa Ploti Yangu

Huenda nawe unaweka akiba ununue ploti Kitengela. Mimi nilinunua yangu, hamsini kwa mia, na jambo la kwanza nikaizungushia seng'enge. Asubuhi moja nilimkuta nyumbu amesimama nje, akitazama upande wa pili. Nilimwonea haya.

Mbuga ya Nairobi ilitengwa mwaka wa 1946. Upande wa kusini uliachwa bila ua ili wanyama watoke wakati wa mvua kutafuta malisho katika nyanda za Kitengela. Kuanzia mwaka wa 2000, mpango wa kukodi ardhi uliwalipa wenyeji dola 4 kwa ekari kwa mwaka, mradi wasiiuze wala kuizungushia ua. Ploti yangu ni sehemu ya nane ya ekari. Nusu dola! Mzee aliyeniuzia alikuwa na karo ya kulipa. Je, ungemlaumu?

Nikiing'oa seng'enge peke yangu, majirani bado wana zao. Kodi zetu hujenga barabara za magari. Kwa nini zisilipie njia ya nyumbu, tena kwa bei ya haki?