Kadi ya Jordan? Pima Kwanza!

Jamani ndugu zangu, hizi kadi za wachezaji mnazonunua kwenye intaneti, mnazipima? Ile ya Michael Jordan ya Fleer, ya 1986, inaghushiwa mno. Mimi natumia kalipa na lenzi tu. Kipimo chake ni milimita 63.5 kwa 88.9, ikipungua, shuku kwamba kingo zimekatwa ili zionekane mpya. Kwenye lenzi, picha ni vidoa vya rangi, lakini mistari myeusi ni wino mtupu. Ikiwa na vidoa, hiyo kopi. Hata wakubwa hufanya: mwaka 2013 mnadishaji Bill Mastro alikiri mahakamani kuikata kadi maarufu ya Honus Wagner. Kwa hiyo mdogo wangu, dai picha ya karibu, rula pembeni. Mwenye nyumba hapokei kodi kwa kadi!